Tabaka la Chini la Mzee Ishengoma

Siku mliyoniaga, mliponipa redio na kunivika shada la maua ya plastiki, katibu wenu alisimama akasema kwamba ninaondoka na ujuzi wote wa matangi kichwani, na kwamba ingefaa niuandike kabla haujapotea. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama soda yangu. Imenichukua miezi mitatu kuanza, na si kwa sababu ya macho, ingawa ndivyo nilivyomjibu kila aliyeniuliza.

Habari za vyeo sitaziandika. Vilikuwa vichache, na cha kwanza sikustahili kukipata, kama mtakavyoona. Nitaandika namna tangi la mimea linavyopangwa kuanzia chini, nani alinifundisha, na nilimfanyia nini.

Niliingia kituo chetu cha samaki hapa Mwanza miaka ile ya kuhamia vijijini, nikiwa kijana wa Kisukuma mwenye cheti cha darasa la saba na viatu vya kuazima. Nilipelekwa chumba cha matangi, ambacho wakati huo kilikuwa na matangi sita ya kioo na chuma yaliyovuja kwa zamu. Msimamizi wake alikuwa Mzee Ishengoma, Mhaya mwembamba, Mlutheri wa kutoka ng'ambo ya ziwa. Kalamu mbili hazikutoka mfukoni mwake hata alipokuwa ndani ya maji hadi kiunoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jina lako?"

"Masanja."

"Umewahi kufuga samaki, Masanja?"

"Hapana, mzee. Ng'ombe tu."

"Ng'ombe akiumwa analia. Samaki halii. Haya, nenda kaoshe mchanga."

Niliosha mchanga siku tatu. Unatia ndoo robo, unamimina maji, unakoroga kwa mkono, unamwaga, unarudia. Siku ya kwanza maji yalitoka kama chai ya maziwa. Mzee alipita akatazama, akasema, "Msukuma wewe, unaosha mchanga au unaogesha ndama?" Akaniambia kazi itakwisha siku nitakapoweza kuyanywa maji yake. Siku ya tatu nikamletea glasi kwa fahari. Akaiinua kwenye mwanga, akanirudishia. "Mimi sikuuosha. Kunywa wewe." Nikanywa.

Ndivyo alivyofundisha. Hakuwa mtu wa hotuba, na hotuba siku hizo hazikuwa haba. Alikuonyesha mara moja, akakuacha ukosee, kisha akakutania mpaka ukaona aibu ya kukosea tena.

Mchanga wa tangi, alisema, usichotwe mahali ng'ombe wanaponyweshwa, wala karibu na kiwanda. Chota mdomoni mwa kijito, kule ambako maji yenyewe yameshafanya nusu ya kazi. Chukua punje kubwa, maana mchanga laini unajifunga kama saruji na mizizi inakosa hewa. Kokoto zetu za majabali ya Mwanza hazina neno, lakini changarawe yenye vipande vya konokono ni ya kuchunguzwa: kamulia ndimu, ikitoa povu itupe, kwa sababu itayageuza maji polepole na hutajua mimea inaumwa nini.

Chini ya mchanga ndiko kulikokuwa na siri yake. Alitaka tope jeusi la kwenye mafunjo, lile lililo chini kabisa ya mizizi. Unaliloweka katika nusu pipa siku ishirini na moja, ukibadilisha maji kila siku ya tatu, mpaka harufu ya yai viza iishe na ibaki harufu ya mvua ya kwanza. Kila ndoo moja ya tope unaichanganya na viganja viwili vya udongo mwekundu wa kichuguu. Alisema kichuguu kina chuma, na ndiyo maana wajawazito wanakitafuna. Hilo ndilo tabaka la chini: kidole kimoja mbele, vidole viwili nyuma, lisizidi. Juu yake vidole viwili vya mchanga, ukitelemkia upande wa kioo cha mbele. Maji unamimina juu ya sahani, taratibu, kama unayemnywesha mgonjwa uji. Kila wiki unachokoa chini kwa spoku ya baiskeli, hewa mbaya itoke kidogo kidogo.

Lakini kabla ya kutia udongo wowote tangini kulikuwa na samaki wa majaribio. Furu wawili, vile visamaki vya ziwani, unawaacha juu ya ule udongo, ndani ya pipa, siku saba. "Udongo hausemi umetoka wapi," Mzee alisema. "Waulize hao wawili." Akifa mmoja, unamwaga pipa zima na unaanza upya, hata kama ni Waziri anayesubiri mlangoni. Wakipona, msimamizi anasaini kadi ya tangi.

Nilikaa naye miaka minne nikiyafanya haya bila kukosea sana. Matangi yake yalikuwa na majani ya kijani yaliyofika juu hadi kuinama, na wataalamu walipotutembelea walisimama mbele yake wakasahau walichokuja kuuliza. Nilijifunza pia kujisifu. Watu wakisema "matangi ya Ishengoma na Masanja", mimi nilisikia jina la pili tu.

Ndipo tukaambiwa tuandae tangi kubwa kwa maonyesho ya mkoa. Lilikuwa refu kama kitanda, na vioo vyake vilitafutwa miezi kwa miezi. Tulitakiwa tuonyeshe ziwa letu lilivyo chini, na furu wa mawe wale wa buluu ambao Mzee mwenyewe alikuwa amewakamata mmoja mmoja kwenye vijisiwa, kwa wavu wa mkono, majuma mengi. Walikuwa thelathini na wawili. Aliwajua kwa sura, nami nilimcheka kwa hilo.

Mwezi mmoja kabla ya maonyesho ikaja simu kwamba kaka yake mkubwa amefariki. Akapanda meli kwenda Bukoba kuzika na kukaa matanga, na kwa kuwa yeye sasa ndiye mkubwa, ilimbidi abaki kutazama kibanja cha migomba na wajane wa marehemu. Aliniachia ufunguo na maagizo ya maneno machache: "Jumamosi nenda mafunjoni. Mengine unajua."

Mengine nilijua. Shida ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo wafanyakazi wote tulikuwa shamba la tawi la chama, ng'ambo ya Buswelu, tukipalilia pamba. Usipoonekana, jina lako linasomwa kwenye mkutano. Tulilima tangu asubuhi mpaka migongo ikagoma. Kutoka pale hadi mafunjoni ni mwendo, kisha unaingia majini na ruba wanakupanda, na mwaka ule nilikuwa nimetoka kutibiwa kichocho. Nikatazama ardhi niliyosimama juu yake. Ilikuwa nyeusi, laini, ya mbugani. Nikajiambia, udongo ni udongo.

Sikuchimba hata katikati ya shamba. Nilichimba pembeni, palipokuwa pamelainika na hapana hata jani moja la gugu, nikafurahi kwamba sitahangaika kuchambua mizizi. Pale hapakuwa na jani kwa sababu ndipo lilipokaa pipa la kuchanganyia dawa ya pamba. Kila msimu watu walisimama pale wakijaza mabomba ya kupulizia, wakimwaga mabaki, wakisuuza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kusuuza pale. Na sisi ni watu wa samaki: tulijua vizuri kwamba kuna wavuvi wanaokamatwa kwa kumwaga dawa hiyo hiyo ziwani ili samaki waelee. Nilijua yote mawili na sikuyakutanisha. Mpaka leo sielewi mtu anawezaje, ila najua anaweza.

Nikajaza magunia mawili, nikayapakia kwenye trekta la tawi, nikaloweka. Nilibadilisha maji kila siku ya tatu kama nilivyofundishwa. Zilipobaki siku tisa kabla ya maonyesho nikatia furu wawili wa majaribio jioni. Asubuhi walikuwa wamelala ubavu. Nikasema labda nimewaumiza kwa wavu. Nikatia wengine wawili. Hao hawakufika saa sita mchana.

Nilikaa juu ya ndoo nikatazama lile pipa. Hapo ndipo nilipokutanisha yale mawili. Nawaambieni wazi ili asitokee wa kunitetea: sikuendelea kwa ujinga. Nilijua udongo una dawa. Ningeweza kuumwaga na kumwambia Mkuu wa kituo kwamba tangi halitakuwa tayari. Lakini jina langu lilikuwa limeshatajwa kwenye mkutano wa tawi, kwamba kijana Masanja ameachiwa jukumu na analitekeleza, na nilipotajwa nilisimama nikainua mkono. Nikaona bora nijaribu bahati. Nilibadilisha maji ya pipa mara tatu kwa siku, nikijipa moyo kwamba dawa inatoka.

Mzee akarudi zikiwa zimebaki siku mbili, amevaa kitambaa cheusi mkononi, amekonda. Kabla hajarudi, nilichukua ndoo safi, nikatia maji ya ziwa, nikatia kiganja cha tope la ufukweni chini ili yafanane na ya pipa, nikaweka humo furu wawili wazima kabisa.

Aliniletea kahawa ya kutafuna, imefungwa katika jani la mgomba. Kijibunda kizima. "Hii ya kwako," akasema. "Matanga yalikuwa marefu, nikakukumbuka." Kisha akainama kwenye pipa, akachota udongo, akanusa.

"Huu umetoka wapi?"

"Mafunjoni, mzee. Upande ule wa mbali."

Akanusa tena. "Harufu yake changa."

"Nimebadilisha maji mara nyingi."

"Na wale wawili?"

Nikamwonyesha ndoo. "Nimewatoa leo asubuhi, mzee, ili nipate kulichota pipa."

Akawatazama wakizunguka. Akatabasamu, nadhani mara ya kwanza tangu msiba. Akatoa kalamu moja kati ya zile mbili, akasaini kadi. Tukapanga tangi pamoja siku hiyo yote, yeye akipima tabaka kwa kidole chake mwenyewe. Nilikuwa natafuna kahawa yake.

Siku ya maonyesho lilikuwa tangi zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Furu walipotiwa asubuhi walimeta kwenye jua, na watoto wa shule walijipanga mstari wakipita mbele yake na walimu wao. Mchanga ulikuwa umeufunika udongo, nami nikaanza kuamini kwamba nimepona. Mchana wakaja wageni rasmi, na mmoja akauliza mimea hii inakula nini huko chini. Mzee alipenda swali hilo. Akachukua spoku, akachokoa mahali kadhaa kuonyesha jinsi hewa inavyotoka. Mapovu yakapanda, wingu jeusi likainuka kidogo, watu wakacheka kwa kupendezwa.

Nusu saa baadaye furu wote walikuwa juu wakihema. Kisha wakaanza kugeuka ubavu mmoja mmoja. Mzee alitia mikono yote miwili ndani ya tangi na shati lake la sherehe, akawa anawatoa na kuwatia kwenye ndoo za maji safi, akipaza sauti, "Masanja, maji! Masanja, maji!" Nilileta maji. Ndoo nyingi nilileta. Mtoto mmoja alikuwa analia na mwalimu wake akimvuta. Hakupona hata mmoja.

Jumatatu tukaitwa wote wawili ofisini. Mkuu alikuwa amekwishapigiwa simu kutoka juu, na hakutuambia tuketi.

"Ndugu Ishengoma, eleza."

"Nilichokoa mapema mno," Mzee alisema. "Tangi lilikuwa na siku mbili tu. Nimeachia hewa mbaya yote kwa mkupuo. Kosa ni langu."

"Udongo ulijaribiwa?"

"Ulijaribiwa. Niliwaona samaki kwa macho yangu."

Mkuu akanigeukia. "Ni kweli, Masanja?"

Nikasema, "Ndiyo, Ndugu Mkuu."

Mzee Ishengoma akahamishiwa Busisi, kupima samaki kwa mizani pale kivukoni, kwenye pantoni. Ufunguo wa chumba cha matangi nikapewa mimi. Hicho ndicho cheo nilichokitaja mwanzoni. Pamoja na ufunguo ikaja amri: kuanzia sasa, ndani ya matangi hakuna udongo, ni mchanga uliooshwa peke yake. Niliiandika mimi kwa rangi nyeupe kwenye ubao. Ndiyo amri mliyoikuta, na ndiyo niliyowafundisha wote, mwaka baada ya mwaka, kwa sauti ya mtu anayejua. Mimea yetu imekuwa ikigeuka njano baada ya wiki tano, tunaing'oa, tunakwenda kuchukua mingine ziwani. Hayo tukayaita utaratibu. Nilikuwa najua dawa yake na nikakaa kimya, kwa sababu ambaye angerudisha udongo angeulizwa kwa nini.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kiasi cha kufika kwenye pensheni.

Mara moja tu katika miaka hiyo tulizungumza. Tulikuwa tunarudi kutoka Geita kwa lori la kituo, tukasubiri pantoni Busisi. Nilimwona akiwa kwenye mizani, aproni ina magamba ya samaki, kalamu zake mbili mfukoni. Nikainama kama ninayefunga viatu. Dereva, ambaye hakujua lolote, akamwita kwa furaha. Mzee akaja mpaka dirishani.

"Masanja! Matangi hayajambo?"

"Shikamoo, mzee. Hayajambo."

Akasogea karibu, akapunguza sauti kana kwamba anauliza habari za mgonjwa. "Nimekuwa nikifikiri jambo lile. Si spoku peke yake. Nadhani tabaka la chini nililifanya nene. Wewe ulikuwepo. Unaonaje, lilikuwa nene?"

Lilikuwa kidole kimoja mbele na viwili nyuma, sawasawa. Nilimwona akilipima.

"Labda, mzee," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akashukuru. Alinishukuru! Tukavuka. Mengine yote niliyoyafanya yalikuwa ya woga wa siku chache. Ile "labda" niliisema nikiwa mtu mzima, bila wa kunilazimisha, kwa mtu aliyekuja kuniomba msaada.

Juma lililofuata baada ya sherehe yenu nilikwenda Buswelu. Nilikuwa nimesikia kwamba alistaafia huko na hakurudi Bukoba. Nilipokelewa na binti yake Koku, mwalimu, ambaye nilimjua akiwa mdogo na sasa ana mvi. Mama yake, akaniambia, alifariki miaka minne iliyopita. Mzee alikuwa uani, ameketi kwenye kiti cha kamba. Macho yamefifia, akanitambua kwa sauti.

Ukutani nyuma yake palikuwa na mitungi ya kioo, chupa kubwa, masufuria yaliyotoboka na kuzibwa, karai, kila kimoja kina mimea na samaki wadogo. Pembeni mwa kila mtungi uliona matabaka: jeusi, kisha jeupe. Nilihesabu hadi kumi na saba nikaacha.

"Unaviona?" akasema. "Nimejaribu nene, nimejaribu jembamba. Nimechokoa siku ya pili, siku ya kwanza, nimechokoa saa hiyo hiyo. Hawafi, Masanja. Miaka yote hii hajafa hata mmoja kwa udongo. Sasa nataka kuelewa kabla sijaondoka, maana nimetafuta kosa langu nimechoka. Wewe ulikuwepo. Nilikosea wapi?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, ya heshima, yenye utangulizi. Hayakuja. Nikamwambia udongo haukutoka mafunjoni. Nikamwambia mahali lilipokaa pipa la dawa. Nikamwambia habari za wale wawili wa kwanza, na wawili wa pili.

"Na wale wa kwenye ndoo?"

"Hawakuuona ule udongo, mzee. Niliwatoa tangini asubuhi ile."

Nilisubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze.

"Kwa hiyo tabaka lilikuwa sawa," akasema.

"Lilikuwa sawa, mzee."

"Koku!" akaita, kwa sauti ambayo sikudhani bado anayo. "Koku, njoo hapa upesi!" Binti akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani baba ameanguka. "Simama hapo. Masanja, sema tena."

Nikasema tena. Koku alinitazama tangu mwanzo mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akasema, polepole, "Mama alikuwa akiomba kila usiku baba asahau wale samaki. Kila usiku. Tulikuwa tunaitikia amina."

Niliomba msamaha, nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima mwenye wajukuu. Mzee hakusema amenisamehe, wala hakusema hapana. Alinyoosha mkono akatafuta mtungi uliokuwa karibu, akaupapasa pembeni kwa kidole, pale matabaka yanapokutana.

"Kule kituoni wapo wanaonikumbuka?"

"Wanajua jina lako, mzee. Wanajua habari ya maonyesho."

"Basi nenda kaseme na kule."

Nasema: matabaka ya Mzee Ishengoma yalikuwa sawa. Samaki wale niliwaua mimi.